Bougainville: Vita viliisha, kazi ya wanawake haikuisha

Mwezi Agosti 1969 askari wenye virungu na mabomu ya machozi walipelekwa Rorovana, kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa cha Bougainville katika Bahari ya Pasifiki. Australia ndiyo iliyokuwa ikitawala Papua New Guinea wakati huo, na kampuni ya shaba ilitaka ardhi ya kijiji kwa ajili ya bandari yake. Wapimaji walipochomeka vigingi, akina mama waliving'oa. Walipigwa, na habari zao zilipochapishwa katika magazeti ya Australia kukazuka zogo kubwa. Bandari ilijengwa hata hivyo.

Haikuwa ajabu kwamba wanawake ndio waliotangulia mbele siku hiyo. Sehemu kubwa ya Bougainville watu hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Msomaji wa Uluguru au Umakondeni, anayejua mila za zamani za kwao, hatahitaji kuelezwa sana. Mwanamume wa Bougainville husimama barazani akasema, lakini neno la ardhi analolisema huwa limeanzia kwa dada yake na mama yake. Wanawake wa kisiwa hicho hujiita mama wa ardhi, na hawasemi hivyo kwa kujipamba. Maofisa wa serikali na kampuni walipokuja wakitafuta watu wa kuzungumza nao, walitafuta wanaume.

Nimeanza na Rorovana kwa sababu bila kuijua ni vigumu kuelewa kikundi kiitwacho Leitana Nehan, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika kisiwa jirani cha Buka na wanawake wachache wakati vita vikiwaka. Wengi wetu tukisikia kikundi cha wanawake cha maendeleo tunafikiria cherehani, kuku na mfuko wa kukopeshana. Wanawake wa Leitana Nehan walianza na swali lililotangulia hayo yote: mama atalima shamba gani ikiwa hawezi kutoka nyumbani bila kubakwa, na mwanawe atasoma shule gani ikiwa ameshika bunduki?

Mgodi wa Panguna, uliojengwa milimani katikati ya kisiwa, ulianza kuzalisha shaba mwaka 1972. Ulikuwa miongoni mwa mashimo makubwa kabisa ya shaba duniani, na kwa miaka mingi fedha zake ziliibeba bajeti ya Papua New Guinea, nchi iliyopata uhuru Septemba 16, 1975. Bougainville yenyewe ilikuwa imejitangazia uhuru wake wiki mbili kabla, Septemba 1, na hakuna serikali iliyoitambua. Mabaki ya mgodi, zaidi ya tani bilioni moja, yalimwagwa katika mito ya Kawerong na Jaba. Mito ikajaa mchanga wa kijivu, samaki wakapotea, mashamba ya kandokando yakazama. Wenye ardhi walipata sehemu ndogo mno ya mapato. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kizazi cha vijana kilichukua uongozi wa chama cha wenye ardhi wa Panguna. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke, Perpetua Serero, akishirikiana na ndugu yake Francis Ona aliyewahi kuwa mfanyakazi wa mgodi huohuo. Novemba 1988 baruti zilianza kulipuka kwenye mitambo na nguzo za umeme. Mei 1989 mgodi ulifungwa, na haujafunguliwa tena.

Serikali ilipeleka polisi, kisha jeshi. Vijiji vilichomwa. Mwaka 1990 jeshi likaondoka na badala yake kisiwa kikazingirwa: hakuna meli, hakuna ndege, hakuna dawa, mafuta wala chumvi. Watu wa Bougainville walionyesha ubunifu ambao hadi leo husimuliwa. Waliendesha magari kwa mafuta ya nazi, wakatengeneza mitambo midogo ya umeme wa maji kwa vyuma walivyookota mgodini, wakachemsha maji ya bahari kupata chumvi. Lakini mama aliyepata uchungu wa kujifungua hawezi kusaidiwa na gari la mafuta ya nazi ikiwa huko aendako hakuna mkunga, hakuna dawa wala damu. Watoto walikufa kwa malaria na kuhara. Idadi ya waliokufa katika vita hivyo, kwa risasi na kwa maradhi yaliyokuwa na tiba, hukadiriwa kati ya 10,000 na 20,000, katika kisiwa kilichokuwa na watu wapatao 160,000. Familia iliyobaki bila kaburi jipya ilikuwa ya nadra.

Jambo moja husahauliwa na wanaokisimulia kisa hiki kama vita vya wanyonge dhidi ya kampuni. Baada ya muda mfupi Wabougainville waliuana wenyewe kwa wenyewe. Wapiganaji wa msituni waligawanyika, madeni ya zamani ya koo yakalipizwa kwa bunduki, na upande mwingine wakaibuka wanamgambo waliosaidiana na jeshi la serikali. Mama mmoja angeweza kuwa na mtoto wa kiume msituni na mwingine katika kundi la wanamgambo. Wanawake walibakwa na watu wa pande zote. Waliokimbilia kwenye kambi zilizolindwa na jeshi walikosa uhuru wa kwenda shambani, na waliobaki msituni walihama pango kwa pango na watoto mgongoni.

Helen Hakena, mmoja wa waanzilishi wa Leitana Nehan na sura yake inayojulikana zaidi, amesimulia hadharani jinsi mwaka 1990, akiwa na mimba ya miezi saba, alivyopata uchungu kabla ya wakati na kujifungua katika jengo la benki lililokuwa limetelekezwa, bila daktari wala dawa. Yeye na mtoto walipona. Wanawake wengine waliojifungua katika mazingira kama hayo hawakupona, na ni kwa ajili yao, amesema, kwamba aliingia katika kazi hii.

Buka imetenganishwa na kisiwa kikubwa kwa mlangobahari mwembamba wenye mkondo mkali, na jeshi lilikuwa limerudi hapo kabla ya kwingine kote. Kwa hiyo wanawake wa Buka walikuwa na kitu ambacho wenzao wa ng'ambo hawakuwa nacho: nguo, sabuni, chakula, dawa kidogo. Leitana Nehan walikusanya walichoweza na kukivusha kwa wanawake waliokuwa ndani ya eneo lililozingirwa. Elewa maana ya kitendo hicho. Jeshi lingeweza kukuita msaidizi wa waasi kwa sababu ya chupa ya dawa. Waasi wangeweza kukuita jasusi kwa sababu umetokea upande wa jeshi. Wanawake hao walijua yote mawili na bado walivuka.

Hawakuwa peke yao. Sista Lorraine Garasu, mtawa wa Kikatoliki, aliratibu jukwaa la wanawake wa madhehebu mbalimbali, na Agosti 1996 wanawake zaidi ya 700 walikutana katika mji wa Arawa kujadili amani. Fikiria mwaka wenyewe. Katikati ya 1996 jeshi lilikuwa limeanzisha mashambulizi makubwa, na miezi miwili baada ya mkutano huo Theodore Miriung, kiongozi wa serikali ya mpito aliyejaribu kusimama katikati, aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa mezani kwa chakula na familia yake. Msituni nako, katika eneo la wapiganaji, Josephine Sirivi alikuwa ameunda mwaka 1995 kikundi cha wanawake wa amani na uhuru. Kila kundi lilikuwa na siasa yake. Wengine walitaka uhuru kamili, wengine walitaka tu watoto warudi shule. Kilichowaunganisha ni imani kwamba mama ana haki ya kwenda mahali ambapo mjumbe wa kiume angepigwa risasi.

Na walikwenda. Walipanda milimani kuzungumza na wapiganaji, ambao mara nyingi walikuwa watoto wao wa kuzaa au wa ukoo. Walifanya mikesha ya sala, walitembea maandamano ya kimya, waliandika barua kwa makamanda na kwa mawaziri. Katika jamii ya ukoo wa mama kijana aliyeinua silaha dhidi ya mama yake amejikata mwenyewe kwenye mzizi, na wanawake waliitumia heshima hiyo kwa ujasiri mkubwa. Sidhani kuna mpatanishi yeyote wa kimataifa aliyekuwa na nguvu kama hiyo.

Mapema mwaka 1997 Waziri Mkuu Julius Chan aliamua kukodi mamluki kupitia kampuni ya Sandline ili kulimaliza tatizo kwa nguvu. Mkuu wake wa majeshi, Jerry Singirok, alikataa, mamluki wakafukuzwa, na Chan akalazimika kukaa pembeni. Mlango wa mazungumzo ukafunguka. Julai mwaka huohuo viongozi wa pande za Bougainville walikutana katika kambi ya Burnham, New Zealand, na Januari 1998 mkataba wa kusitisha mapigano ulisainiwa katika Chuo Kikuu cha Lincoln, nchini humohumo. Wanawake wapatao 50 walisafiri kwenda Lincoln. Walitoa tamko lao wakidai kushirikishwa katika kila hatua inayofuata, wakikumbusha kwamba wao ndio mama wa ardhi inayojadiliwa. Waangalizi wa amani kutoka New Zealand, Australia, Fiji na Vanuatu waliingia vijijini bila silaha, na usalama wao ulitegemea wanavijiji. Agosti 30, 2001 mkataba kamili wa amani ulisainiwa Arawa: Bougainville ipewe serikali yenye mamlaka ya ndani, silaha zikusanywe, na kura ya maoni kuhusu uhuru ipigwe baadaye.

Mwaka huohuo wa 2001 Leitana Nehan walipewa Tuzo ya Amani ya Milenia kwa Wanawake, iliyotolewa na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake pamoja na shirika la International Alert. Katika orodha ya waliotunukiwa siku hiyo kulikuwa na jina ambalo wasomaji wa Kigali wanalijua vizuri: Veneranda Nzambazamariya, aliyeongoza Pro-Femmes Twese Hamwe, muungano wa vikundi vya wanawake wa Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Yeye alitunukiwa akiwa marehemu, kwani alifariki Januari 2000 ndege ya Kenya Airways ilipoanguka baharini karibu na Abidjan. Kisiwa cha Pasifiki na nchi ya milima elfu, umbali wa nusu dunia, vilikutana kwenye jukwaa moja kwa sababu katika nchi zote mbili wanawake walibaki na kazi ya kuwafanya majirani waliouana waishi tena mtaa mmoja.

Kwa kundi lenye hamu ya sifa, tuzo hiyo ingekuwa kilele. Lakini sehemu ya kazi ya Leitana Nehan ninayoiheshimu zaidi ni ile iliyofuata vita, ambayo haina jukwaa wala wapiga picha. Bunduki ziliponyamaza, wanawake hao waliona kwamba vita vilikuwa vimehamia ndani ya nyumba. Vijana waliokulia msituni tangu wakiwa na miaka 12 au 13 hawakuwa na elimu wala kazi, na walikuwa wamejifunza kwamba anayetaka kitu hukichukua. Wakaanza kutengeneza pombe kali ya nyumbani, ndugu ya gongo tunayoijua, na kila mwisho wa wiki ikaleta mapigano na vilio. Mwanamume aliyeota usiku maiti za wenzake aliamka akampiga mkewe. Mwanamke aliyebakwa wakati wa vita aliishi kijiji kimoja na aliyembaka, na sherehe ya upatanisho ikifanywa, nguruwe hugawanywa, fedha za makombe ya baharini hubadilishana mikono, wanaume wa pande mbili hutafuna popoo pamoja, na kisa chake yeye hakitajwi.

Leitana Nehan wakaingia humo. Kuanzia mwaka 2000, wakishirikiana na shirika la wanawake la Australia liitwalo IWDA na kwa fedha za serikali ya Australia, waliendesha mpango mkubwa uliofika wilaya za Bougainville moja baada ya nyingine. Uti wa mgongo wake ulikuwa watu wa kujitolea waliotoka vijiji vilevile walivyovihudumia, wanawake kwa wanaume. Walikwenda shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu ubakaji na ulevi. Waliketi na machifu na wazee wa kanisa, kwa kuwa kesi nyingi za kijijini huishia kwao, wakawaeleza kwamba kumtoza mbakaji nguruwe mmoja na kumfunga mdomo msichana si haki. Waliwapa ushauri nasaha wanawake waliopigwa, wakawasindikiza polisi na mahakamani waliotaka kwenda.

Kisha wakafanya jambo ambalo baadhi ya wanawake hawakulipenda mwanzoni: waliwafungulia mlango wapiganaji wa zamani. Waliwasikiliza wanaume waliokuwa wameua na waliokuwa wametesa, wakawapa ushauri nasaha kama wengine, na baadhi ya wanaume hao waliishia kuwa wahamasishaji wa kupinga ukatili. Ninaelewa kwa nini mwanamke aliyeumizwa angeona uchungu kumkuta mtesi wake akipewa kiti na chai. Hata hivyo naamini walikuwa sahihi. Mwanamume huyo hakuwa akienda popote. Angelala katika nyumba ya mtu, angelea watoto wa mtu, na asiyemtibu alikuwa akimwachia mke wake mzigo huo peke yake.

Ukubwa wa tatizo ulikuja kuonekana kwa takwimu mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulipochapisha utafiti uliowahoji wanaume wa nchi 6 za Asia na Pasifiki kuhusu ukatili waliowahi kuufanya. Bougainville iliongoza sehemu zote: asilimia 62 ya wanaume waliohojiwa walikiri kuwahi kumbaka mwanamke au msichana. Hiyo ni miaka 12 baada ya mkataba wa amani. Ukiisoma namba hiyo unaweza kusema wanawake wa Leitana Nehan walishindwa. Mimi naisoma kama ushahidi kwamba walikuwa wameliona tatizo miaka mingi kabla ya watafiti kufika na dodoso zao, na kwamba kazi waliyoibeba ilikuwa ya wizara nzima, polisi, hospitali na mahakama, ikafanywa na kikundi cha kijamii kinachosubiri barua ya mfadhili.

Hapo ndipo penye kero. Mradi wa mfadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kiwewe cha vita hakina. Fedha zikija, magari hununuliwa na watu wa kujitolea hupata nauli ya boti na posho ya chakula. Zikikatika, mama wa kijijini bado anagongewa mlango usiku na binti aliyechanika nguo, naye hana cha kumpa isipokuwa kitanda na ushauri. Mikutano ya kimataifa inapenda kuwaita wanawake hawa waje kusimulia yaliyowapata. Ingekuwa vema zaidi mishahara ya washauri nasaha wachache wa wilaya ilipwe kwa miaka 20 mfululizo.

Katika siasa pia hesabu haijakaa sawa. Katiba ya Bougainville ilipitishwa mwaka 2004, na bunge la kwanza lilipochaguliwa mwaka 2005 lilikuwa na wabunge 33 wa majimbo, viti maalumu 3 vya wanawake na viti 3 vya wapiganaji wa zamani. Viti hivyo vitatu ni hatua, hasa ukikumbuka kwamba katika uchaguzi mkuu wa Papua New Guinea wa mwaka 2017 hakuna hata mwanamke mmoja aliyeingia katika bunge la taifa lenye wabunge 111. Lakini waliobeba bunduki na waliowashawishi waziweke chini walipewa idadi ileile, na kati ya hao wa kwanza wengi waliweza pia kugombea majimboni na kushinda. Mwaka 2015 Josephine Getsi akawa mwanamke wa kwanza kushinda jimbo dhidi ya wanaume. Mwaka 2020 Theonila Matbob, aliyempoteza baba yake katika vita akiwa mtoto mdogo, alishinda jimbo la Ioro, ambako ndiko liliko shimo la Panguna. Mwaka huohuo yeye na wakazi zaidi ya 150 waliishitaki kampuni ya Rio Tinto, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi huo, mbele ya chombo cha malalamiko nchini Australia kuhusu mito iliyoharibiwa, na kampuni ikakubali mwaka uliofuata kugharimia uchunguzi huru wa madhara hayo. Njia ndefu tangu Rorovana, na madai ni yaleyale.

Kura ya maoni ilipigwa Novemba na Desemba 2019. Karibu asilimia 98 walichagua uhuru. Kura hiyo peke yake haina nguvu ya kisheria, bunge la Papua New Guinea ndilo lenye neno la mwisho, na mazungumzo yamevutana tangu hapo. Viongozi wa Bougainville, wakiongozwa na Rais Ishmael Toroama, kamanda wa zamani wa wapiganaji, wanataka uhuru utangazwe Septemba 1, 2027. Wapo wanaosema nchi mpya haitaweza kujilipia bila kuufungua tena mgodi wa Panguna, kwa kuwa kakao na mbata pekee hazitatosha kuendesha serikali.

Uamuzi kuhusu mgodi huo ukifika, usifanywe kwa saini za wanaume pekee kama ulivyofanywa ule wa kwanza. Wanawake wa Bougainville wamelipia haki ya kuulizwa kwanza kuhusu ardhi yao: kwa watoto waliowazika msituni, kwa dawa walizovusha chini ya mitutu, na kwa miaka yote waliyokaa na walioumizwa na walioumiza. Serikali yoyote itakayokaa Buka au Arawa bila kuwaweka mezani, na bila kutenga katika bajeti yake fedha za kudumu kwa kazi waliyoianza kwa mikono mitupu, itakuwa imewadhulumu mara ya pili.